Jipu Lisilosikia Mashimo



Jumapili moja, baada ya Misa hapa Swima, jipu jeusi lilisimama chini ya mwembe karibu na kanisa. Lilikuwa Land Cruiser la anasa, lenye injini ya mazutu, vioo vya giza na viti vya ngozi. Mwenye gari alikuja kumjulia hali mgonjwa wa ukoo wake, wala hakukaa sana. Katika muda huo mfupi vijana wetu karibu wote waliacha mkutano wao wakalizunguka. Wengine walipiga picha wakiegemea mlango wake. Wengine walichota maji ziwani wakaliosha bila kuombwa. Kijana mmoja niliyemfundisha katekisimu tangu utoto wake aliniambia, mkono wake ukiwa juu ya boneti: «Mwalimu, siku nitakayokuwa na gari kama hili, ndipo nitakuwa mtu.»

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na ninyi nyote pamoja naye, kwa maana neno lile la mwisho lilinichoma kuliko alivyodhani.

Kwanza niondoe shaka. Sina ugomvi na magari. Anayeishi kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka, hawezi kusema kwamba gari lenye nguvu ni dhambi. Mvua inaponyesha milimani, mito hutelemka kwa hasira kuelekea ziwa, udongo hugeuka sabuni, na lori laweza kulala njiani siku kadhaa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji gari litakalomfikisha hospitali. Kwa kazi hiyo lipo gari tunalolijua sote: Land Cruiser lile la mgongo mrefu na viti vya benchi, ambalo hospitali, misioni na mashirika ya misaada yamelitumia miaka mingi. Injini yake mashuhuri, 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, haina turbo wala mapambo mengi, na tangu ilipotoka mwaka 1990 mafundi wengi wameizoea hata wanaifungua chini ya mti. Hilo ni gari la kazi, na heri anayelitumia kwa kazi. Ninalolishutumu ni jingine: jipu la fahari linalonunuliwa na mtu mmoja ili limbebe yeye peke yake kila siku, nyumbani hadi ofisini, ofisini hadi baa, na Jumamosi kwenye arusi, ambako litaegeshwa mahali pa kuonekana.

Tulitazame gari hilo kwa macho ya mwenye kulipa, si ya mwenye kupiga picha. Land Cruiser la mfululizo wa 200, lililotoka mwaka 2007, lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu likiwa na injini ya mazutu ya silinda 8. Yapo yenye matangi mawili, ambayo kwa pamoja humeza lita 138. Mazutu hayohayo ndiyo yanayozungusha mashine ya kusaga mihogo kijijini na jenereta ya hospitali usiku wa upasuaji. Mtu akijaza matangi hayo ili azunguke peke yake, asituambie kwamba ni shauri lake mwenyewe, katika nchi ambayo kila bidoni ya mafuta imesafirishwa kwa taabu na bei yake inamgusa kila anayekula ugali.

Tena wapo wanaodhani kwamba gari likiwa jipya zaidi linafaa zaidi kwa maisha yetu. Sivyo. Injini nyingi mpya za mazutu, hasa zile zilizotengenezwa kwa sheria za hewa safi za Ulaya, zina kichujio cha masizi ndani ya bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la karibu digrii 600, na joto hilo hupatikana katika safari ndefu yenye mwendo wa kasi usiokatika. Ni nani atakayeipata safari hiyo baina ya Swima na Mboko? Gari likitumika kila siku kwa vipande vifupi, kutoka nyumbani hadi sokoni, masizi hujaa, taa ya onyo huwaka, nguvu hupungua. Pampu na nozeli zake hupuliza mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia matundu madogo kuliko ncha ya sindano. Nazo hudai mazutu safi yasiyo na maji wala vumbi. Yetu huuzwa kwa bidoni na chupa kando ya njia. Basi tazameni ajabu hii: gari lililonunuliwa kwa kisingizio cha barabara mbaya linadai barabara nzuri ili liwe na afya.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwenye jipu hutuambia: «Ninalihitaji kwa sababu barabara ni mbaya.» Nami namuuliza: barabara ni mbaya kwa sababu gani? Wenye mamlaka ya kuitengeneza, na wenye sauti ya kudai itengenezwe, wamejinunulia dawa ya kutoisikia. Gari lenye kumeza mashimo humeza pia kilio cha mashimo. Mama anayerudi shambani na mzigo wa mihogo kichwani anayajua mashimo yote kwa miguu yake. Mwendesha pikipiki anayajua kwa mgongo wake. Mwenye jipu hayajui kabisa. Siku ya mkutano wa maendeleo ataketi mbele na kusema kwamba barabara si mbaya sana, maana yeye alipita asubuhi. Hadanganyi. Kweli alipita. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala mimi si mtakatifu katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Baraka kwa mkutano wa walimu, na mtu mmoja mwenye cheo, ninayemfahamu, alinipa nafasi katika jipu lake hadi Swima. Ndani mlikuwa na baridi nzuri na muziki wa taratibu. Sikusikia shimo hata moja, na moyo wangu ulifurahi, nalikiri hilo. Tulipokwisha kupita Lusenda, mvua kubwa ilianza. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alisimama kando ya njia, akainua mkono. Dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya matope, si kwa ajili yake. Mwenye gari alisema kwa sauti ya upole kwamba viti vitachafuka. Nyuma yetu mlikuwa na nafasi za watu watatu au wanne. Mimi, mwalimu wa dini, niliyekuwa nimefundisha juu ya Msamaria Mwema mara zisizo na hesabu, nilinyamaza. Sikumjua mwanamke yule, wala sijui mtoto wake alifika wapi. Mimi nilifika Swima nikiwa mkavu.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba gari laweza kumlea mtu katika ugumu wa moyo, polepole, bila yeye kusikia, kama vile halisikii shimo. Ndugu zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, huliita gari la namna hii shangingi, neno linalotumika pia kwa mwanamke anayejipamba ili atazamwe. Na kwao neno «jipu» ni uvimbe wenye usaha. Tuliokimbilia Nyarugusu tulicheka tulipoyasikia. Siku hizi sicheki sana.

Mtaniambia: «Mtu aliyetoka jasho ana haki ya kula matunda ya jasho lake.» Ni kweli, lakini si kweli yote. Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba haki ya mali ina mpaka wake pale ambapo jirani anakosa yaliyo ya lazima. Tena jasho lenyewe lichunguzwe. Mwaka 2022, huko Kinshasa, wabunge wa taifa waligawiwa majipu ya Hyundai Palisade, yapata 500, na wananchi wengi waliuliza: ni jasho la nani? Jambo hilo si sheria ya asili inayompata kila kiongozi. Thomas Sankara, alipotawala Burkina Faso katika miaka ya 1980, aliyauza magari ya Mercedes ya serikali na kuwapandisha mawaziri wake katika Renault 5, gari dogo la watu wa kawaida. Papa Fransisko naye, Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humwuma kumwona padre au mtawa akiwa na gari la kisasa kabisa. Na mwaka 2015, alipozuru Marekani, alipita kati ya magari makubwa ya walinzi akiwa ndani ya Fiat ndogo. Hakuna aliyemwona kuwa mdogo kwa ajili hiyo.

Maandiko yenyewe hayachukii chombo cha kusafiria. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunamkuta Mwafrika mwenye cheo kikubwa, mtunza hazina wa malkia wa Ethiopia, akiwa katika gari lake kwenye njia ya Gaza. Kwa wakati wake, lile lilikuwa gari la fahari. Luka hamlaumu hata kidogo. Lakini angalieni alivyofanya: alimsikia mtu aliyetembea kwa miguu, akamsihi apande aketi pamoja naye; kisha akaamuru gari lisimame, akashuka, wakaingia majini wote wawili. Msamaria naye alikuwa na mnyama wake. Alimpandisha majeruhi, na damu ya yule mtu bila shaka ilikichafua kile alichokuwa akikikalia. Kipimo cha gari la Mkristo ni hiki: je, linasimama?

Sasa nalirudia neno la kijana wangu: «Ndipo nitakuwa mtu.» Mwanangu, kule Goma alikuwapo kijana wa mkoa jirani aliyefanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa na nafasi ambayo wengine wangeigeuza majipu kwa muda mfupi. Aliletewa fedha ili aviruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni, akazikataa, kwa sababu wangevila watu. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Jina lake ni Floribert Bwana Chui, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, huko Roma. Hakuna anayeuliza alikuwa na gari gani. Alikuwa mtu kabla hajamiliki kitu.

Basi siwakatazi kutamani gari. Tamanini, fanyeni kazi, nunueni. Na likiwapo, liwe la kazi, livumilie mazutu yetu, fundi wetu alijue, na milango yake ifunguke mvua inaponyesha. Lakini Jumapili ijayo jipu likija, msiliache shirika lenu mkaenda kuliosha. Mwenyewe anayo mikono. Mwendeeni, mkamwamkie kwa heshima kama mkubwa wenu, mkamwambie waziwazi mahali palipo na mashimo.

Ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni nani katika kijiji chetu tunamheshimu kwa sababu ya chombo chake tu? Ni nani tunamsahau kwa sababu anatembea kwa miguu?

2. Kati ya Swima na Mboko, ni sehemu gani ya njia tunayoweza kuitengeneza sisi wenyewe kwa majembe, kabla ya mvua kuanza?

3. Mimi nilinyamaza ndani ya jipu. Wewe ulinyamaza wapi?