Kumcheka Napoleon Hakukuwa Ushujaa

Tumezoeshwa kuamini kwamba katuni ni silaha ya mnyonge dhidi ya mkubwa, na mfano unaotajwa sana ni wa James Gillray wa London, aliyemchora Napoleon kama kijitu kilichomezwa na kofia yake, kikirusha viti kwa hasira. Mfano huo unawasuta wanaoutoa.

Gillray alikuwa na mlipaji. Kuanzia 1797 serikali ya waziri mkuu William Pitt ilimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, kwa mpango uliosukwa na mwanasiasa George Canning. Picha zake ziliuzwa katika duka la Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, penye vilabu vya mabwana. Asiye na pesa alizitazama dirishani.

Wekeni picha zake mbili pamoja. Mwaka 1792, kabla ya posho, George III anakula yai la kuchemsha, suruali yake ina kiraka: mfalme bahili, anayechekwa na raia wake. Mwaka 1803, vita na Ufaransa vimeanza upya, mfalme huyohuyo ni jitu ndani ya sare za kijeshi. Napoleon amesimama juu ya kiganja chake, na mfalme anamchungulia kwa darubini kama mdudu.

Sisemi pesa ndiyo iliyofanya yote. Hofu ya kuvamiwa ilikuwa ya kweli. Wafaransa walikusanya jeshi Boulogne, kwenye pwani inayoelekea Uingereza. Nakubali pia kwamba mwaka 1805 Gillray alimchora Pitt akigawana dunia na Napoleon mezani, wote wawili walafi. Lakini kumdhihaki adui wa serikali inayokulisha, ng'ambo ya bahari asikoweza kukukamata, hakuhitaji ujasiri wowote. Hiyo ni propaganda, hata ikichorwa kwa ustadi mkubwa namna ile. Na imefanya kazi: Napoleon alikuwa na kimo cha karibu mita 1.68, cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa wakati wake, na hadi leo watu wazima wenye elimu wanaapa kwamba alikuwa mbilikimo.

Anayetaka kupima ujasiri wa wachoraji wale aangalie walivyomtendea mkubwa wa nyumbani. Mwaka 1820 George Cruikshank, naye bingwa wa kumkejeli Napoleon, alipokea pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora Mfalme George IV katika hali yoyote ya aibu.