Mbiu imelia, nani atamwambia bibi?



Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani pembe ililia mtaani, watu wakatoka nje, na mpiga mbiu akaieleza habari kwa mdomo wake, kwa lugha ya watu wa mji. Siku hizi mbiu yetu ni simu. Inalia kutwa: benki, skuli, umeme, hospitali. Maoni yangu ni kwamba mashine zimejua sana kupiga mbiu, lakini hazijui kumwambia bibi. Kazi hiyo imebaki kwetu, na hasa kwenu watoto mnaosoma Kiswahili hapa Darsait.

Mimi ni muuguzi, basi nitaeleza ninayoyajua. Ndani ya hospitali mna programu nyingi za kompyuta. Mapokezi yanaweza kuwa na yao, maabara yake, famasi yake, na kila moja imetengenezwa na watu mbalimbali. Zikiachwa hivyo, hazielewani. Ndiyo maana mwaka 1987 kilianzishwa huko Marekani chombo kinachoitwa HL7, cha kuzipa programu za hospitali lugha moja. Mgonjwa akilazwa, programu ya mapokezi inatuma ujumbe wenye alama A01. Akihamishwa ni A02. Akiruhusiwa kwenda nyumbani ni A03. Hakuna anayeuliza. Jambo likitokea, habari inakwenda yenyewe kwa kila programu iliyopangiwa kuipata. Marekani tangu Mei 2021 kuna hata kanuni inayozitaka hospitali zenye mifumo hiyo, zinazolipwa na bima za serikali, zimjulishe daktari wa kawaida wa mgonjwa kwamba mtu wake amelazwa au ametoka.

Hapa Oman, hospitali na vituo vya Wizara ya Afya vinatumia mfumo wa Al-Shifa, na ukumbusho wa miadi unatufikia kwenye simu. Ni jambo zuri. Sitaki turudi kwenye vikaratasi vinavyopotea kwenye mikoba.

Lakini fuateni safari ya ujumbe huo mpaka mwisho. Unaingia kwa Kiarabu au Kiingereza. Mara nyingi namba iliyoandikishwa si ya bibi, ni ya mwanawe, naye yuko kazini. Bibi amezaliwa Unguja au Pemba, na Kiswahili ndiyo lugha anayoifikiria. Kwa kompyuta, kazi imekwisha: ujumbe umetumwa. Kwa bibi, haijaanza.

Na hapo ndipo inapoingia hatari ndogo ambayo hakuna mashine itakayoigundua, nayo ni saa. Ujumbe unasema 8:00 asubuhi. Mtoto aliyekulia Muscat anaona nane, anamwambia bibi, "Miadi yako saa nane." Bibi anasikia saa nane ya Kiswahili, yaani baada ya adhuhuri. Nimewahi kumpokea mama mtu mzima aliyefika mchana, amefunga tangu usiku kwa ajili ya kipimo cha damu, mdomo umemkauka, na zamu yake ilipita tangu saa mbili asubuhi. Ana sukari. Kukaa na njaa muda wote ule kwa mgonjwa wa sukari si jambo la mchezo. Mjukuu alisema alichokiona, bibi akafuata alichokisikia. Kilichokosekana ni Kiswahili kamili baina yao.

Najua mzazi mmoja atasema, "Mwalimu, simu siku hizi inatafsiri yenyewe." Inatafsiri maneno, kweli. Lakini haitakuuliza kama umeelewa. Sisi wauguzi tukimpa mtu maelezo muhimu, tunamwomba ayarudie kwa maneno yake. Akiyarudia vibaya, tunaanza upya. Simu haifanyi hivyo. Mjukuu anaweza.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo haya. Tanzania mwaka 2012 ilianza Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alijiandikisha kwa namba 15001, bila malipo, akawa anapata ujumbe wa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake, wa kumkumbusha kliniki na dalili za hatari. Hata waume na jamaa waliweza kujiandikisha. Waliotengeneza mpango ule walijua kuwa habari ya afya inataka lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo naomba kila nyumba iweke mjumbe wake. Awe mtoto mwenye umri wa kuelewa, na mzazi amsimamie. Kazi yake ni nne. Ausome ujumbe wote, si mstari wa kwanza tu, maana neno la kufunga au kuacha dawa mara nyingi liko chini. Aigeuze saa: 8:00 asubuhi ni saa mbili, 10:30 ni saa nne na nusu, 1:00 mchana ni saa saba. Amwombe bibi arudie alichosikia. Kisha anyamaze, kwa sababu habari ya ugonjwa wa mtu ni amana, haipelekwi kwa marafiki. Majibu ya vipimo si kazi ya mtoto, hayo yaachwe kwa wakubwa.

Nanyi wazazi, hakikisheni namba iliyoandikishwa hospitalini ni ya mtu anayepokea simu. Ukibadilisha laini, mfumo utaendelea kutuma kule kule kwa zamani, wala hautajua.

Watoto huniuliza Kiswahili kitawasaidia nini huku Muscat. Jumamosi ijayo darasa langu litafanya zoezi la kusoma saa za miadi. Njooni na bibi zenu kama wanaweza, wao ndio watakaosahihisha.