Maiki saba za dramu za nini kama saundi kadi yako ina matundu mawili?

Wadau, leo nina la moyoni. Kuna mshikaji wangu mmoja prodyuza (jina kapuni, anajijua), studio yake ni chumba cha kupanga. Wiki iliyopita kaniita nikaone mzigo mpya: boksi la maiki saba za dramu, zinang'aa balaa. Kanunua kwa hela ya mchezo wa mama yake, kaahidi kurudisha akirekodi bendi ya vijana wa kanisani.

Nikamuuliza, saundi kadi yako ina matundu mangapi? Kimya. Mawili!

Mimi nasema hivi: studio ya geto ikitaka kurekodi dramu inunue maiki mbili za maana, iachane na saba za kuuzia sura. Sio ubahili. Dramu moja ukiizungushia maiki kibao, mlio uleule unafika kwenye kila maiki kwa muda tofauti, ukizichanganya zinakulana. Dramu ya mguu inabaki inalia kama ndoo tupu, halafu lawama anapewa mpigaji.

Mbili zipi? Moja dainamiki, kama Shure SM57. Hiyo ipo tangu 1965 na hadi leo inawekwa kwenye snea studio kubwa kubwa. Ni ngumu, haitaki umeme wa ziada, ila feki zimejaa, usinunue bila kuijaribu. Nyingine kondensa, ikae juu ya kichwa cha mpigaji isikie seti nzima. Hiyo bila volti 48 haitoi kitu, so angalia kwanza saundi kadi yako kama ina hicho kitufe.

Mtasema naongea kimaskini. Led Zeppelin wa Uingereza dramu za "When the Levee Breaks" walizirekodi kwa maiki mbili tu, zimening'inia juu ya ngazi za nyumba! Sawa, zao zilikuwa za bei mbaya, na ule mwangwi wa ngazi chumba chetu cha futi kumi hakina. Ndo maana sisi tunasimamisha godoro ukutani.

Jumapili tulijaribu hivyohivyo na mbili kutoka kwenye boksi lake: kondensa juu, dainamiki kwenye dramu ya mguu. Mara ya kwanza hovyo. Tukashusha ya juu kidogo, snea ikakaa, vijana wakaanza kucheka wenyewe.

Tano zimerudi boksini. Muuzaji hazipokei, na mama anataka hela yake mwisho wa mwezi.