Utabiri wa Tuzo za Filamu, na Swali la Ufipa

Kila unapokaribia msimu wa tuzo za filamu, wapenzi wa sinema nchini hugeuka kuwa watabiri. Huyu huapa kwamba mshindi keshamjua, yule hubisha, na mwisho wa mabishano hakuna aliyemshawishi mwenzake. Homa hii haikuishia Dar es Salaam wala Unguja, kwani imekwisha kupanda hadi juu huku Ufipa. Na kwa kuwa wenyeji hutueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", haitufalii sisi wa hapa kupiga ramli. Utabiri wetu wa leo utasimama juu ya hoja, na msomaji atatuhukumu kwa hoja hizo.

Tunazungumzia mashindano mawili. La kwanza ni Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo wenzetu wa Visiwani walilianzisha mwaka 1997 na kulifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na ambalo tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. La pili ni Tuzo za Filamu Tanzania, zinazosimamiwa na Bodi ya Filamu. Tuzo hizo zilitolewa Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka 2022, jambo lililotupa moyo sisi wa mikoani, maana lilionesha kwamba sherehe ya Taifa si lazima ifanywe mahali pamoja milele.

Utabiri wetu wa kwanza ni kwamba Jahazi la Dhahabu litakwenda nje ya Tanzania. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau vijana wetu. Jahazi lile hushindaniwa na Afrika nzima pamoja na nchi zinazooshwa na Bahari ya Hindi, na miongoni mwao zimo nchi ambazo serikali zake zimetenga fedha za filamu kwa miongo mingi. Waamuzi hawapimi umaskini wa mtengenezaji. Hupima kilichoko kwenye kitambaa cheupe. Penye fedha za kumlipa mwandishi kwa mwaka mzima, na fedha za kurudia picha iliyoharibika, filamu huwa na nafasi kubwa zaidi.

Utabiri wa pili ni kwamba ikiwa Watanzania watapata heshima yoyote kubwa, wataipata katika upigaji picha na katika uigizaji, hasa uigizaji wa wanawake. Aliyeitazama filamu ya Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte na kueleza maisha ya wanawake wanne, atakubaliana nasi kwamba waigizaji wetu wa kike wamekwisha kuvuka daraja la kulia na kupiga kelele, na sasa wanajua thamani ya kunyamaza.

Utabiri wa tatu ndio unaotuuma. Tunatabiri kwamba tuzo ya mswada bora itatuponyoka. Filamu zetu nyingi huzaliwa kwa haraka: leo wazo, kesho waigizaji, keshokutwa kamera. Mwandishi huitwa mwisho, kama haitwi kabisa. Mtazamaji akiisha kutazama dakika kumi za mwanzo huweza kwenda kuteka maji na kurudi bila kupitwa na neno.

Tumetafuta mfano wa kuupinga utabiri wetu huu, na mfano tulioupata umetoka Visiwani. Ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwezi Septemba 2021, na ambayo ndiyo iliyoteuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha filamu bora ya kimataifa kwenye tuzo za Oscar za mwaka 2023. Haikufika katika tano za mwisho, lakini ilitutoa kimasomaso. Na siri ya nguvu yake iko wazi. Filamu ile ilisimama juu ya riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Kwa miaka zaidi ya 20 hadithi ya Yasmin na Denge ilikuwa imesomwa, imefundishwa mashuleni, imebishaniwa vibarazani, na kila kiungo chake kilikuwa kimepimwa na wasomaji kabla kamera haijawashwa. Filamu ilitengenezwa katika muda wake, lakini hadithi ilikuwa imekwisha kuiva zamani.

Kabla yake, Tanzania iliwakilishwa kwenye tuzo hizo hizo na filamu ya Maangamizi, iliyopelekwa mwaka 2001. Waongozaji wake walikuwa Ron Mulvihill na Martin Mhando, ambaye baadaye aliliongoza Tamasha la Nchi za Jahazi. Nayo haikuokota hadithi yake njiani. Ilichimba katika habari za mababu na mizimu, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 ilivyochimba katika habari za uganga wa jadi. Funzo ni moja: filamu zetu zilizovuka mipaka ni zile zilizotanguliwa na hadithi nzito.

Sasa tuje kwenye utabiri wa nne, ambao ndio uliotufanya tushike kalamu. Tunatabiri kwamba katika orodha ya filamu zitakazoshindanishwa, hakuna hata moja itakayotoka Ufipa wala itakayoisimulia Ufipa. Na utabiri huu, tofauti na ule wa mwanzo, hatuwezi kumsukumia mwamuzi yeyote. Filamu isiyotengenezwa haishindi, na hadithi isiyoandikwa haitengenezwi.

Je, ni kwamba Ufipa haina hadithi? Na tuhesabu chache. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba mfalme wa Milansi aliondoka akamwachia mkewe onyo kwamba wageni watakuja, asithubutu kuwapa kiti cha enzi. Wakaja wanawake wageni. Mke akatishika, akawapa kiti. Mfalme aliporudi akakuta nchi imekwisha kwenda. Hapakumwagika damu, pakafanyika mapatano, wageni watawale nchi, na Milansi ibaki na heshima yake ya jadi. Ukoo wa Watwa wa Nkansi na Lyangalile ukajenga utawala wake juu ya mapatano hayo. Ni mwandishi gani wa michezo, wa Ulaya au wa Uhindi, ambaye asingelipa fedha nyingi kupata kisa cha mwanamke mmoja, kiti kimoja na nchi nzima?

Zaidi ya hayo kuna malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo mabaki yake yangali yamesimama katika baadhi ya mashamba yetu. Wafua chuma wa Kifipa waliziyeyushia mawe ya chuma bila kuvukuta, upepo ukiingia wenyewe kwa matundu ya chini, kazi ikiendelea kwa siku kadhaa. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri ndogo ziitwazo vintengwe. Mkoa wa Kagera ulipata bahati ya habari za tanuri zake za Wahaya kuingizwa katika filamu ya kielimu. Tanuri za Ufipa zinanyeshewa mvua, na kila mwaka zinapungua kimo.

Ziwa nalo lina kisa chake. Mwaka 1951 ilitolewa filamu ya Marekani na Uingereza iitwayo The African Queen, iliyoongozwa na John Huston. Chanzo chake ni riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyochochewa na vita vya majini vya mwaka 1915 na 1916 katika Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili ambalo huonekana mtu anapoteremka kutoka nyanda zetu kwenda Kasanga au Kipili. Mwigizaji wake mkuu, Humphrey Bogart, alipewa tuzo ya Oscar mwaka 1952. Meli ya kivita iliyo maarufu kuliko zote katika habari hiyo, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa kusini mwa ziwa waliliita ziwa lao. Kwa miongo mingi ilitia nanga Kasanga na Kipili ikibeba dagaa, mahindi na abiria.

Basi tufikiri kidogo. Maji yetu yalimpatia mgeni hadithi, na hadithi ikampatia mgeni mwingine tuzo ya Oscar. Picha zenyewe zilipigwa Uganda na Kongo. Wavuvi wa Kasanga, waliozisikia zile bunduki, hawamo katika filamu ile hata kwa jina. Hatumlaumu Forester wala Huston. Aliyeandika ndiye aliyevuna. Lakini miaka zaidi ya 70 imepita, na hadi leo hatujaiona filamu ya Kiswahili inayoisimulia vita ile kwa macho ya mtu wa pwani ya ziwa. Lawama ya hilo tutaibeba wenyewe.

Tunajua watakuwapo watakaotuuliza: je, mkoa wenye mahitaji ya zahanati, maji na madarasa una haja gani na mambo ya tuzo? Swali hili ni la haki, na jawabu letu ni kwamba hatuombi fedha ya zahanati igeuzwe kuwa ya kamera. Tunachosema ni kwamba kazi ya filamu nayo ni ajira. Kundi moja la wapiga picha likikaa Kasanga kwa miezi miwili hulala katika nyumba za wageni, hula samaki wa hapo, hukodi mashua na kuajiri vijana. Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, yangejulikana kwa filamu moja nzuri kuliko kwa mabango mia. Wala tusisahau kwamba marehemu Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikwisha kuonekana kwenye sinema za Kiswahili za miaka ya hamsini. Hakuona haya kuicheza, nasi tusione haya kuisimamia.

Wengine watasema kwamba tunataka waamuzi watugawie tuzo kwa mikoa, kama pembejeo. La, hasha! Tuzo ya huruma ni tusi. Tunachotaka ni kufika mlangoni tukiwa na kazi mkononi. Tukishindwa, tushindwe kwa haki.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wanaohusika.

Kwa viongozi wa mkoa na wa halmashauri, tunaomba maofisa utamaduni wapewe kazi moja ya dhahiri: kuyaandika na kuyanasa masimulizi ya wazee wa Milansi, wa Nkansi, wa Lyangalile na wa pwani ya ziwa, na kuyaweka mahali ambapo kijana mwenye nia ya kuandika mswada ataweza kuyasoma. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, lakini haiwezi kungoja. Mzee akifariki, hakuna bajeti itakayomrudisha aje asimulie. Malungu yaliyosalia nayo yahesabiwe na yawekewe ulinzi.

Kwa Bodi ya Filamu, tunasema kwamba ikiwa tuzo zilifika Mbeya, Sumbawanga si mbali. Barabara ya lami ipo, na kutoka Tunduma ni mwendo wa kilometa zaidi ya 200 tu. Lakini kabla ya kutuletea sherehe ya usiku mmoja, itutumie walimu wa kuandika miswada wakae nasi kwa wiki kadhaa. Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaowakopesha wasanii, uangalie ni maombi mangapi yanatoka mikoa ya pembezoni, na kama ni machache, ujiulize sababu.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani tuna ombi la kidugu. Tamasha lenu limewahi kuchukua sinema na kuzipeleka vijijini Unguja na Pemba, watu wakatazama chini ya nyota bila kiingilio. Mlitambua kwamba tamasha lisilotoka nje ya Ngome Kongwe ni la wageni na wenye nafasi. Basi nyoosheni mkono ufike na bara. Tunajua utamaduni si jambo la Muungano, na kwamba kila upande una chombo chake cha kusimamia filamu. Lakini hakuna sheria inayokataza vyombo viwili kusaidiana. Filamu zilizoshinda Unguja zikioneshwa Sumbawanga, Namanyere, Matai na Kasanga, vijana wetu watajua ushindi unafanana na nini. Wao watajifunza kwenu jinsi riwaya inavyogeuzwa kuwa filamu, nanyi mtajua kwamba nchi hii ina maji mengine yenye visiwa, mashua na nyimbo za wavuvi, mbali na bahari.

Na kwa vijana wa Ufipa, waalimu na wanafunzi wetu, tunasema: andikeni. Msingoje kamera ya fedha nyingi. Adam Shafi hakungoja mtu wa filamu. Aliandika kitabu, na filamu ikamfuata. Kisa cha kiti cha Milansi kikipata mwandishi wake, atakayekitia katika picha atapatikana, hata kama ni baada ya miaka 20.

Utabiri wetu tumeuweka wazi. Ule wa kwanza, wa pili na wa tatu, tutafurahi kubishana juu yake na mpenzi yeyote wa sinema hadi siku ya kutangazwa washindi. Ule wa nne, kwamba Ufipa haitakuwamo, tunaomba kwa moyo wote utusute. Na kama haukutusuta msimu huu, basi kazi ya kuusutisha katika misimu ijayo ianze sasa, kwa kalamu na daftari, katika baraza ya mzee aliye hai.