Buti la mlima si sifa!

Jamani wadau, hii kauli ya "mbona wapagazi wanapanda Kilimanjaro na raba" naisikia kila kona ya hosteli, na leo naipinga mchana kweupe. Mpagazi anayepanda na raba iliyochakaa hakuichagua, hana hela ya buti. Shida ya mtu isigeuzwe ushahidi!

Mlima ule una mita 5,895. Chini msituni ni mvua na matope, juu ni baridi ya kugandisha. Viatu vikilowa chini, huko juu havikauki, na vidole ndivyo vinavyoumia. Halafu ukiwa na begi zito mgongoni, kifundo kikipinda kwenye mawe, safari imekwisha.

Ila msidanganywe na neno "halipitishi maji" peke yake. Buti fupi, maji yanaingilia juu! Mimi napima hivi: shingo ipite kifundo cha mguu. Ulimi uwe umeshonwa pembeni, usiache upenyo. Kisigino ukikiminya kisibonyee. Soli ipinde kwenye vidole, si katikati. Kisha vaa na soksi nene, shuka ngazi: vidole vikigonga mbele, achana nalo hata likiwa bei poa.

Mtumba ruksa, ila kagua soli vizuri, buti lililokaa miaka stoo hubanduka njiani.

Boom likitoka, buti kwanza, simu baadaye. Na mkiletewa mpagazi, mtazameni miguuni kabla hamjamtwisha mzigo.

Nawakilisha.