Mwenye pumzi ni nani, wa rugbi ao wa futiboli ya Marekani?
Wapenzi wa michezo wanaodai Mmarekani anamshinda mtu wa rugbi hawakosi kumtaja Louis Rees-Zammit wa Wales. Mwaka 2024 aliacha rugbi akaenda Marekani. 2025 akarudi bila kucheza mechi hata moja ya msimu rasmi. Lakini mbio hazikumpungukia, alikuwa anajifunza kazi mpya.

Mbona hawamtaji Jordan Mailata? Huyo alitoka rugbi ya wachezaji 13 Australia, na Februari 2025 akatwaa Super Bowl na Philadelphia Eagles.

Kwa nguvu za sekunde chache, sawa, Mmarekani apewe. Kisha anapumua. Timu yake ikipoteza mpira, anatoka, walinzi wanaingia. Wa rugbi anashambulia, anakaba, anaanguka, anainuka, dakika 80. Tena bila kofia ngumu.