Mashine bila injinia ni chuma tu

Sisi vijana wa Wamaza tuko na diplome, kazi hatuna. Lakini tusikilizane.

Mwaka 2022, kule Mbarara, Uganda, watafiti waliunganisha mashine ndogo ya MRI kwa siku 11 hivi. Vipande vilitoka Uholanzi kwa ndege. Mmoja wao, Johnes Obungoloch, alisomea doktora Marekani, kisha akarudi kufundisha kwao. Mtu kama huyo akiwa karibu, mashine ikikufa haingojei mgeni.

Na kwetu? Mgonjwa wa kupigwa picha ya kichwa anapakiwa kwa moto, anapita matope, anaenda mbali.

Serikali inunue mashine, sawa. Lakini ilipe pia nafasi za utafiti kisha doktora, hapa hapa Kongo, ili waliosoma warudi. Hatutanyamaza!